Pepeta Ilipoa Nikichana Nywele

Sisi tuliokulia Ifakara miaka ya tisini hatukuwa na haja ya kalenda ukutani. Ukitaka kujua ni mwezi gani, ulifunua sufuria. Ukikuta majani ya maboga, mvua zimekolea. Ukikuta kambale, maji ya bondeni yameanza kupungua na watu wametega migono, ile mitego ya kufuma ya samaki. Embe zikianza, mama hapiki tena mchana. Tulikula embe mpaka pembe za midomo zikachubuka kwa utomvu, halafu tukalalamika kwamba nyumba hii haina chakula. Leo kijana wa mjini anasimama mbele ya simu yake, anaeleza kwa hisia faida za kula kilicho katika msimu. Sisi tulikula kilicho katika msimu kwa sababu hakikuwepo kingine.

Na mimi, kwa akili zangu za darasa la sita, hilo ndilo jambo nililolichukia kuliko yote. Niseme mapema kwamba ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Wenzangu wakienda kuogelea, mimi nabaki jikoni nikizunguka mafiga kama paka. Kisawasawa penyewe, kijiji cha hapo jirani tu, nilifika mara moja, tena nikalia kutaka kurudi. Lakini mjini nilipatamani, kama watu wanavyoitamani pepo: kufika, bila ile safari. Nilisikia kwamba Dar es Salaam watu wanakula mkate na siagi Januari sawa na Julai, na kwamba mlenda huko hawaujui hata kwa jina.

Basi masika moja shangazi yetu Filomena akashuka kwenye treni. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, anaishi Dar, watoto wake wote wana miji yao. Alikuja na ombi moja: apewe mtoto wa kukaa naye, naye atamsomesha. Mtoto mwenyewe alikuwa ama mimi ama dada yangu Adela, kwa kuwa kaka zetu walikuwa bondeni na baba wakiamia ndege wasimalize mpunga. Mama akamwambia, "Wifi, kaa nao kwanza uwaangalie. Utakayempenda, panda naye treni."

Nikajiambia, Beda, nafasi yako ndiyo hii. Nikaamua kumwonyesha shangazi kwamba mimi tayari ni wa mjini, asipate taabu ya kunifundisha.

Jioni ile mama aliweka ugali na mlenda, na perege mkavu wa kuvunjia juu. Adela akashambulia. Mimi nikasukuma bakuli kwa kidole kidogo.

"Mimi, shangazi, mlenda huwa haunishuki," nikasema, kwa sauti ya puani niliyodhani ndiyo ya Dar.

Mama akanitazama kama mtu aliyeona kuku amevaa viatu. "Tangu lini? Jana si ulilamba bakuli?"

"Jana nilikuwa na njaa, mama."

"Na leo umekula wapi?"

Adela nusura apaliwe. Shangazi alivuta bakuli langu upande wake, akalimaliza, akalamba vidole. Nililala tumbo likinguruma, lakini moyoni nikihesabu kwamba nimepata alama.

Kesho yake shangazi akasema anataka pepeta. "Mnitwangie nyie wawili, wanangu. Kwenye treni nilianza kuisikia harufu yake tangu Kidatu."

Siku hizi hata hapa kwetu inabidi ueleze pepeta ni nini. Mpunga unavunwa punje ikiwa bado na ukijani, unakaangwa kwenye chungu, unatwangwa ungali wa moto mpaka punje inakuwa bapa laini, halafu unapetwa. Ndiyo iliyotuvusha zile wiki ambazo ghala limeshafagiliwa na mavuno hayajafika. Lakini mama hakutaka mchezo nayo. Aliruhusu kona moja tu ya jaruba la nyuma ya nyumba, maana kila suke unalolikata bichi ni wali uliojinyima wa baadaye. Na pepeta haisubiri mtu. Ikipoa kabla ya kutwangwa, punje zinavunjikavunjika. Kwa hiyo kinu kilikuwa na watu wawili, michi inapokezana, hakuna kupumua.

Asubuhi iliyofuata, mpunga ukiwa umeshakatwa, Adela alikaa motoni kukaanga. Mimi nilitakiwa nisimame kinuni na mchi mkononi. Nikafikiri: leo shangazi atanitazama kwa makini, nitatwangaje na kaptula hii? Nikaingia ndani, nikavaa shati la Misa, nikalichomekea, nikajipaka mafuta ya nazi, nikasimama mbele ya kipande cha kioo kuchonga njia ya nywele.

"Beda! Tayari!" Adela akaita.

"Nakuja!"

"Beda, inapoa, we mtoto!"

Njia ilikuwa imepinda. Nikaifuta, nikaanza upya.

Nilipotoka nikiwa nang'aa kama andazi, Adela alishamwaga mpunga kinuni na anatwanga peke yake, jasho linamdondoka. Nikadaka mchi wa pili. Tukagonganisha michi mara kadhaa, kisha tukaenda sawa, lakini wapi. Mama alipopeta, ungo ulibaki na chenga tupu. Kona nzima ya jaruba, chenga tupu.

"Chakula cha vifaranga," mama akasema, bila kuniangalia. "Wifi, tusamehe."

Shangazi alichota zile chenga kiganjani, akazitafuna taratibu. Akamwangalia Adela na jasho lake, akaniangalia mimi na njia yangu ya nywele.

"Baba, umependeza," akaniambia. "Ungekuwa unakwenda kuoa, ningekusindikiza." Kisha akamgeukia mama. "Wifi, mkate kule ninao. Kinachonichosha ni kula peke yangu. Nikikaa na mtu anayekinyanyapaa chakula chetu, nitakuwa bado nakula peke yangu. Naomba Adela."

Lililoniuma zaidi ni kwamba Adela mwenyewe hakutaka kwenda. Tulipomsindikiza stesheni, mimi ndiye niliyebebeshwa mzigo: kambale wa moshi, mlenda mkavu, na kifuko cha pepeta ya kona ya pili mama aliyokubali kuikata, ambayo safari hii aliitwanga na shangazi. Adela alilia njia nzima. "Nenda wewe basi," akaninong'oneza. "Si umeshavaa?"

Treni ikaondoka naye. Tangu hapo kila masika tulituma kifurushi mjini, na akija likizo alituambia kwamba mkate upo, lakini yeye na shangazi wanasubiri kifurushi. Ndiyo kusema aliyekwenda mjini aliendelea kula Ifakara, na mimi niliyebaki Ifakara nikaendelea kuota siagi.

Siku hizi Adela ana watoto wakubwa. Mmoja alinipigia Novemba: "Mjomba, shikamoo. Tutumie pepeta, Jumamosi tuna wageni."

"Mpunga haujapandwa, mjomba wangu."

"Kwani hauwezi kuagizwa?"

Nilicheka mpaka nikakaa. Enzi zetu tulisubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa nusu ya utamu, ingawa tusingekubali hata kwa viboko. Vijana hawa wanataka msimu uletwe na bodaboda.

Nilituma masika ilipofika. Basi linaondoka asubuhi, jioni mzigo uko mezani kwao. Adela akanipigia kushukuru.

"Tamu, Beda. Siku hizi unapokezana mchi na nani?"

"Na nani? Nainunua sokoni, kwa akina mama wanaoileta kutoka kijijini Sanje."

"Na jaruba la nyuma?"

"Limekuwa nyumba na fremu za maduka. Ile kona ya pepeta wanakaanga chipsi, mwaka mzima. Viazi vinatoka Njombe."

Akacheka kile kicheko chake cha zamani. "Basi, Beda, mji wako umeupata."

"Nimeupata," nikamwambia. "Umenifuata mpaka mlangoni, mimi sikuinuka hata kwenye kiti."

Tukacheka wote. Halafu tukabaki tunasikilizana tu kwenye simu, hakuna anayekata, kila mmoja mjini kwake.