Maji ya Mihogo na Mguu wa Mama

Nilipokuwa mtoto wa umri wa kutumwa dukani na kurudi nimesahau nilichotumwa, kitu kimoja tu sikuruhusiwa kukisahau: kusema bismillahi kabla ya kumwaga maji ya moto. Kwetu Pate kila mtoto alilijua hilo. Ardhini kuna wenyewe, majini wasioonekana, bibi mzaa baba alituambia, na wenyewe wana watoto wao. Ukiwaunguza bila kuwaarifu, nao watakuunguza miguu, wewe au umpendaye.

Basi siku moja, mama akiwa ndani anaswali alasiri, nikaitoa sufuria ya mihogo jikoni nimwage maji. Mvuke ukanipiga usoni. Niliyamwaga yote uwani kwa pupa, na bismillahi ikanijia maji yakiwa yameshazama mchangani. Nikaisema hivyo hivyo, ingawa ilikuwa imechelewa. Nilitazama huku na huku, sikuona mtu. Nilikuwa na miaka minane.

Hazikupita siku kumi. Tulikuwa tukitoka shambani, mama mbele, mimi nyuma, nikaona ndara yake ya kushoto imebaki njiani naye anaendelea kutembea, mguu mtupu juu ya kokoto. Nikaiokota. "Mama, ndara yako." Akageuka, akautazama mguu wake kama anautazama mguu wa jirani. Kisha akacheka, akaivaa. Mimi sikucheka.

Bibi alipopata habari alimbana kwa maswali mpaka mama akakiri: mguu ulikuwa ukimfa ganzi, na wakati mwingine ukimwashawasha toka nyonga hadi vidoleni, kama unatambaliwa na sisimizi. Jioni hiyo bibi akatuita sote uwani.

"Ni nani alomwaga mai ya moto hapa bila ya bismillahi?"

Nikayakaza macho mchangani. Ningependa kusema niliogopa fimbo ya bibi tu, lakini haikuwa hivyo. Niliogopa kwamba nikikiri, itakuwa kweli.

"Ni mimi," mama akasema. "Nalisahau."

Bibi alimsuta weee, mtu mzima na akili zake. Mwalimu wa chuo cha Kurani akaandika kombe, aya kwa zafarani juu ya sahani, likaoshwa kwa maji, mama akalinywa. Halafu kwa siku saba, kila baada ya alasiri, alitoka na chetezo cha ubani na chupa ya marashi kwenda kuwaomba radhi wenyewe. Nilimchungulia dirishani akiinama kwa taabu, mkono kiunoni, akinyunyiza marashi pale pale nilipomwaga mimi. Wala sikujiuliza alipajuaje. "Nisameheni," alikuwa akisema, "sikukusudia." Nami nikisema naye kimoyomoyo, nikiomba waisikie sauti ya mwenye kosa.

Hakuna aliyeukumbuka ukuta. Msimu uliotangulia mama alikuwa amepanda ukuta wa gofu la nyumba kuanika tumbaku, jiwe likachomoka, akaanguka chali. Alikandwa kwa mafuta ya simsim siku tatu, ya nne akarudi kazini. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, lakini mama hakulia, basi hakuumbuka. Sababu ya mguu ilikuwa imeshapatikana. Nani angetafuta nyingine?

Mguu ukazidi. Akawa anauburuta, kisha akashika mkongojo, na siku moja akakanyaga kaa la moto jikoni, tukajua kwa harufu.

Nilikuwa nimeshaolewa mjini Amu nilipomchukua nikampeleka hospitali. Daktari, kijana wa kutoka bara, alimwuliza, "Mama, umewahi kuanguka?" Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwuliza hivyo. Akatueleza kwamba pingili ya mgongo iliyoumia zamani imeibana mishipa ya fahamu, kwamba angeletwa mapema huenda angesaidika. Akili yangu ilimwamini. Moyo wangu ulibaki uwani.

Siku hizi mama hatoki kitandani, na mimi humkanda kila asubuhi. Mwezi uliopita, nikipasha mafuta, nikaona nisipomwambia kosa langu nitamzika nalo bado moyoni mwangu.

"Mama, yale mai ya mihogo. Alomwaga ni mimi."

"Nayua. Nalikuwa nimetoa salamu ya swala, nikakuona."

"Mbona ulisema ni wewe?"

"Bibi yako alikuwa na mkono mzito, mwanangu. Na mguu ulikuwa ushaanza, tangu nilipoanguka. Nalinyamaza tu. Ningelala, nani angepika?" Akanitazama sana. "Kwani wewe ulidhani ni wewe? Miaka yote hii?"

Nikaliweka bakuli la mafuta chini. Mama, ambaye sikuwahi kumwona akiulilia mguu wake, akalia, na nilijua hakuwa akiulilia mguu.

Mimi nilinyamaza kwa woga, yeye kwa huruma, na katikati ya vimya vyetu viwili mguu ukafa. Wenyewe wa ardhini, kama wapo, hawakututendea lolote.

Alipotulia nikaliinamia bakuli la mafuta. "Wahisi, mama?" nikauliza, kama niulizavyo kila siku.

"Nahisi," akasema, uso ameuelekeza dirishani. "Leo nahisi vizuri."

Mikono yangu ilikuwa bado bakulini. Sikumwambia. Nikasema bismillahi, nikaanza kumkanda.