Upande wa Nyuma wa Nyumba ya MaHadebe

MaHadebe aliniita nikazibe paa lake pale juu ya mlango, kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa imemloweshea blanketi. Kazi ya asubuhi moja tu. Mimi ndiye ninayeezeka huku kwetu Msinga tangu wanaume walipohamia Johannesburg, na niseme mapema kwamba mdomo wangu hauna breki.

Nilipanda na fungu langu la nyasi, nikaziba, na kwa kuwa nilikwisha kuwa juu, nikaona nizunguke nikague na upande wa nyuma. Kwa nje palikuwa pazuri tu. Nikaegemeza goti. Goti likazama, mguu ukafuata hadi pajani, na kilichonizuia kuanguka ndani ni huu unene wangu. Chini ya zile nyasi nzuri kulikuwa na uozo mtupu. Nyasi za ndani zimekuwa tope, fito zinakatika mkononi kama biskuti iliyochovywa kwenye chai, na boriti mbili zimeoza hadi moyoni.

"MaHadebe," nikaita kutoka juu, "huku kumevuja tangu lini?"

"Sijui."

"Hujui vipi, nawe unalala humo humo?"

"Sijawahi kufika huko, MaGasa."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nikashuka, nikaingia, nikawasha tochi. Sakafu yake ilikuwa laini, imepakwa samadi vizuri mpaka kupita katikati ya nyumba, halafu ikakoma kana kwamba kuna ukuta. Ng'ambo ya hapo udongo umepasuka, umelowa, na uyoga umeota.

Nyuma kabisa, mkabala na mlango, ndipo umsamo, mahali pa wazee waliokwisha kufa. Bibi harusi hapasogelei mpaka mama mkwe amfungulie kwa mbuzi na maneno, na jina la baba mkwe halitamki. Kwa wengi wetu mambo hayo huisha tukishazaa. Mama mkwe wa MaHadebe alikufa kabla ya kumfungulia. Mume naye akafia migodini. Wifi yake ndiye aliyekuwa akija kupaka samadi huko nyuma, naye akafa. Akabaki yeye tu, bibi harusi mwenye mvi, akifagia mpaka mpakani na kugeuka.

"Sasa miaka yote hii unamwogopa nani?" nikamuuliza.

"Simwogopi mtu. Naheshimu."

"Unamheshimu nani, mama? Si wote wamekwisha?"

Alinikata jicho. "Wewe kazi yako ni kuezeka."

Kuezeka nisingeweza. Vitu vya wazee vilikuwa chini ya ule uozo, na kabla ya kuvigusa lazima mwanamume wa ukoo wa mumewe, wa Shozi, aingie awaambie. Mwanamume wa Shozi aliyebaki ni mmoja, mwanawe Sibonelo, aliyeko Johannesburg. MaHadebe akampigia simu, nami nikasikia yote.

"Mama, mwache huyo mama ang'oe tu."

"Ni lazima uwaambie, mwanangu. Maneno machache."

"Nisafiri mpaka Msinga nikaongee na ukuta? Mama, nimekwambia mara ngapi, iache hiyo nyumba ianguke, uje huku. Chumba kipo."

"Haya, baba," akasema MaHadebe, na simu ikakatika.

Nilimkasirikia yule kijana, nikatamani angekuwa karibu nimzabe kofi. Maana mvua zikichanganya kidogo tu paa linashuka, na mama yake atafungashwa kama mzigo.

"Nilikaa kwenye hicho chumba Krismasi," akaniambia. "Wanatoka alfajiri wote. Nilikuwa nasalimiana na redio."

Tukaketi. Mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa mto Tugela. Mwishowe akavua viatu, akajifunga shali, akachoma mpepho, yale majani ya kuwaita wazee, akapiga moyo konde na kutambaa kwa magoti kuvuka mpaka. Mimi nilibaki mlangoni.

"Mfunelwa," akasema. Hilo ndilo jina la baba mkwe wake, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Mfunelwa Shozi, baba. Ni mimi, mke wa mwanao. Hakuna mwingine wa kuja, ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Nyumba imeoza juu yenu, nami sikujua. Nataka kuwasogeza kidogo iezekwe. Nataka kufia hapa, sitaki kwenda kule. Kama nakosea, niambieni."

Akangoja. Alingoja hasa, kichwa amekiinamisha upande, kama mtu aliyepiga hodi na kusikia nyayo ndani. Moshi ulipungua. Kuku aliingia, nikamfukuza. Halafu akaanza kunipitishia vitu kimoja kimoja: mkuki, pembe za mbuzi, chungu cha pombe kilichojaa maji ya mvua.

"Umeona?" nikamwambia. "Umeingia na hakuna kilichokupata. Leo leo naanza kung'oa, na nyumba hii haianguki."

Hakuinuka. Alikuwa ameketi pale penye uyoga, anapapasa ukuta kwa kiganja.

"Kila usiku wa maisha yangu nimelala nikijua tumo wengi humu," akasema. "Sasa nimefika, MaGasa. Hakuna mtu."

Nikatoka kwenda kusogeza ngazi.