Hatua Mia za Katekista Zacharie

Katekista wetu Zacharie Kahongya ni mrefu hata huinama kuingia kanisani, nasi humtania kwamba yeye huanza kusali mlangoni.

Mji wa Butembo ulipoanza kutusogelea, parseli moja ya kujengea baada ya nyingine, ni yeye aliyetuamsha. Alisema hatuukatai mji, lakini kijiji kibaki na njia zake, mashamba yake ya maharagwe na chemchemi yake. Tukaunda kamati, tukamfanya rais. Sheria ya kwanza ilitoka kwake: hatua mia kuzunguka chemchemi, pasiwe na nyumba, choo wala mkaratusi, maana mti huo hunywa maji kuliko ng'ombe.

Alipima mwenyewe, asubuhi, sisi wanawake tukiwa tunangoja zamu na bidoni zetu za maji, tukihesabu naye kwa sauti. Upande wa Masika, mjane, Zacharie alitembea kama anavyotembea siku zote, kwa hatua zake ndefu. Mikaratusi yote ya Masika, aliyoipanda ili auze mbao amsomeshe binti yake, ikaangukia ndani ya mpaka. Kisha akageukia upande wake mwenyewe. Kufika thelathini, nikaona anatembea kama mtu anayevuka matope. Mia ikaisha kabla kidogo tu ya kuifikia mikaratusi yake. Sauti zetu zilikuwa zimeshuka, lakini tulihesabu mpaka mwisho. Mimi Adèle nilihesabu pia, na aibu ile ninayo hadi leo.

Masika alikata miti yake wiki ileile.

Miaka miwili ikapita. Juzi Abdias, mfanyabiashara wa hapahapa, akaanza kuchimba choo cha nyumba ya kupangisha, juu kidogo ya chemchemi. Zacharie akamwendea mbele yetu sote.

"Abdias, hapa hapana. Sheria ni hatua mia."

"Papa, miye nilipima mia," Abdias akajibu kwa heshima. "Nilipima sawa vile ulipima kwa miti yako. Ama kuko hatua ya katekista na hatua ya batu?"

Zacharie akaenda zake bila kuaga mtu.

Jumapili, baada ya sala, alisimama mbele yetu.

"Bandugu, nilifupisha hatua. Mama Masika, nilikuonea. Niko na haya sana."

"Tulijua, papa," Masika akasema, bila kuinuka. "Tulikuwa tunahesabu na weye."

"Na hamukuniambia?"

"Miye nilikuwa nangoya useme weye mwenyewe."

Nikatazama miguu yangu. Masika alikuwa akimngoja. Mimi nilikuwa naogopa tu, basi.

Zacharie akamwomba Masika apime upya. Tukashuka wote chemchemini, Abdias akiwemo. Masika ni mfupi, humfikia Zacharie kifuani, wala hakurefusha hatua. Alikwenda mwendo wake wa kila siku wa kwenda shambani, nasi tukahesabu. Kwenye themanini alikwisha kuingia katikati ya mikaratusi ya Zacharie. Mia ikamkuta ng'ambo ya mti wa mwisho. Akasimama pale, akamngoja rais wa kamati aje aone mpaka. Kumfikia, ilimbidi Zacharie apite kati ya miti yake yote, mmoja mmoja, sisi tukimtazama.