Mguu Aliouosha Mama Keji

Mniruhusu niongee nikiwa nimesimama. Kiti nimekiona, asanteni, lakini kuna siku niliambiwa mguu huu wa kulia utakatwa. Tangu hapo nikipata nafasi ya kuusimamia mbele za watu, siiachi.

Nilikuwa fundi wa nguo huko Juba, mtaa wa Hai Mauna. Mwaka wa uhuru, jamani, mngeiona Juba ile! Nilishona bendera mpaka vidole vikashika rangi. Watu walikuja kibandani kucheka tu, waniambie sasa hii ni nchi yetu, nami Mkenya mzima nalia pamoja nao. Jirani yangu alikuwa Mama Keji, muuza chai, mtu wa palepale. Kiswahili alikiokota kambini Uganda zamani za ukimbizi. Chai yake ya tangawizi naitamani hadi leo. Tulitaniana kutwa nzima, cherehani yangu ikilia na birika lake likichemka.

Sasa niseme kosa langu. Nilikuwa na mkebe wa vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua bakteria, nilivyonunua sokoni bila kuandikiwa na daktari. Mtu akijikata, nafungua kidonge, namwaga unga kwenye kidonda, namwambia nenda. Nikikohoa, nameza viwili, kesho nikipata nafuu naacha. Mtaa uliniita daktari, na mimi nikavimba kichwa kweli.

Kisha vita vikaja. Siku risasi zilipolia karibu, nilikimbia, nikaruka ua wa mabati, bati likanichana chini ya goti. Nikaona ni kitu kidogo. Nikafungua vidonge, nikamwaga unga, nikafunga kitambaa.

Baada ya wiki mguu ulikuwa umevimba na ngozi inang'aa. Usaha ulitoka wa kijani. Na harufu, woi, harufu ile! Wateja waliongea nami wakiangalia kando. Nikameza vilivyobaki vyote mkebeni. Homa ikanitetemesha hadi meno yakagongana, ndipo nikakubali kupelekwa hospitali.

Wodi ilijaa majeruhi. Daktari, mtu mpole aliyechoka, alichukua usaha ukapimwe. Majibu yaliporudi aliketi kwenye kitanda changu.

"Mama, wadudu hawa wamezoea dawa zote tulizo nazo. Imebaki moja, iko Kampala, na barabara imefungwa. Ukizidiwa kabla haijafika, itabidi tukate."

Na cherehani yangu ni ya kukanyaga! Nililia kwa sauti, sioni haya kuwaambia.

Kesho yake Mama Keji akaja na birika. Halikuwa na chai. Lilikuwa na maji ya majani ya mwarobaini, aliyoyachemsha na kuyapoza. Nilidhani daktari atamfukuza. Akayatazama, akafikiri.

"Wataalamu wanatafuta dawa kwenye mimea kama hii," akasema. "Kuna kemikali za majani zinazoua wadudu sugu, na nyingine huwadhoofisha hadi dawa ya zamani ifanye kazi tena. Lakini hayo ni ya maabara, huu ni mguu wa mtu. Osha nje tu, asinywe, na mimi nitaendelea kutoa nyama iliyooza."

"Wewe toa ile imeoza," Mama Keji akamjibu. "Mimi iko naosha."

Akaosha kila siku. Nilimwambia harufu yangu itamkimbizia wateja wa chai. "Malesh, usijali," akasema. "Hata bendera yako ilinuka jasho, na sisi tulipeperusha." Nikacheka hadi kidonda kikauma.

Kidonda hakikupona, ila hakikupanda. Siku ya kumi na moja barabara ilifunguka, lori likaingia kupitia Nesitu, kwenye njia ya Uganda, na dawa ikafika. Nilichomwa sindano wiki mbili; kuosha wakachukua wauguzi, naye Mama Keji akarudi kwenye chai yake. Homa ikashuka, usaha ukakauka, nyama nyekundu ikaanza kuota. Nikamuuliza daktari: ni majani au ni sindano?

"Sindano ndiyo imekuponya," akasema. "Majani, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba mguu ulingoja."

Kwa hivyo, mama zangu, vidonge hivyo msigawiane kama peremende. Ukiandikiwa, maliza. Na usikae nyumbani na kidonda ukichemsha majani, eti fundi alipona. Nenda hospitali. Mkebe wangu siku hizi nawekea vifungo.

Siku nilipofunguliwa bendeji ya mwisho, nilitembea nikishika ukuta hadi Hai Mauna, nimwonyeshe. Nilikuta jiwe la kuwekea birika, na majivu. Mapigano yalikuwa yamefika mtaani, naye alikuwa amevuka kwenda Uganda na watoto. Kambi gani, hakuna aliyejua. Nimeuliza kila anayetoka huko, mpaka leo.

Mguu huu aliuosha ukiwa unanuka. Hajauona ukitembea. Kama kati yenu kuna anayekwenda upande ule, akikutana na muuza chai anayeitwa Mama Keji, amwambie: fundi wako nilimwona, na alikuwa amesimama.