Matembezi ya Kwenda Popote

Siku ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, ni ile muuguzi mmoja wa Nachingwea aliponiambia nikatembee. Nilikuwa na miaka arobaini, na korosho za msimu ule zilikuwa zimeninunulia pikipiki. Tangu hapo miguu yangu ilikuwa likizo. Shambani kwa pikipiki, dukani kwa pikipiki, hata msikitini, nyumba tatu tu kutoka kwangu. Palizi niliisimamia nimekaa kitini, naelekeza vibarua kwa kidole.

Yule binti muuguzi, baada ya kunipima damu, hakunificha. Alisema sukari imeanza kupanda, ila kisukari chenyewe bado hakijanishika. Misuli ikifanya kazi huitumia sukari iliyo kwenye damu. Ukishinda umekaa, inabaki humo humo inakuharibu. Nusu saa kila siku, akasema, tembea haraka haraka. Niliogopa kweli, maana kaka yangu wa Nandagala alikuwa amekatwa mguu kwa ugonjwa huo.

Basi nikaanza. Lakini kwetu Naipingo mtu mzima hatembei hivi hivi. Ukipita bila jembe wala mzigo, kila nyumba inakuuliza unaenda wapi. Nikaona haya kusema nina sukari, nikawa nataja jina la yeyote anayekaa mbele, kwamba naenda kumsalimia. Sasa ukishataja lazima ufike, na ukifika unawekewa chai. Chai yetu unaijua, kijiko kinakaribia kusimama kwa sukari, na kuikataa ni kumvunjia heshima mwenye nyumba. Jioni moja nilimaliza vikombe vinne katika zoezi moja. Niliporudi kupima, sukari ilikuwa juu zaidi. Muuguzi akauliza kama kweli natembea, nikamjibu natembea sana.

Kumbe huku nyuma maneno yameshamfikia mke wangu: mumeo anatafuta mke wa pili, kila jioni yuko kwenye nyumba za watu. Akanisubiri mlangoni.

"Baba Zainabu, niambie ukweli. Unaoa au unaumwa?"

Mwanangu, nilisimama pale nikipima lipi lina aibu ndogo. Nikamwambia naumwa. Alicheka, halafu akalia, kisha akanigombeza kwa kumficha. Kesho yake akatangaza kisimani kwamba mumewe ana sukari na anatembea ili aishi, na atakayempa chai amchukue kabisa akamuuguze. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini jioni ile nilipita kijiji kizima bila kuulizwa safari, ila wanaume wawili walinifuata na kuniuliza kwa sauti ya chini sukari inapimwa wapi. Baada ya miezi michache vipimo vyangu vilishuka.

Nasaha yangu ni hii. Pikipiki ipande ukienda mbali. Pa karibu nenda kwa miguu. Usishinde umekaa. Kapime hata kama hujisikii kuumwa, na ukikuta tatizo, waambie wa nyumbani kwako mapema, maana mimi aibu ndiyo iliyokuwa inaninywesha chai. Mungu akupe uzee wa kujiendea mwenyewe unakotaka.