Swali la Kila Jioni

Julai iliyopita nilirudi Ushirombo, nikamkuta binamu yangu ameketi uani kwa marehemu bibi, akimenya viazi vitamu vya kutengenezea michembe. Harufu ya viazi vibichi ikanirudisha utotoni, na wivu wangu wa zamani ukaamka pale pale. Ndiyo, rafiki yangu, wivu. Umri wote huu, bado namwonea wivu mtu kwa sababu alisema "sijui".

Bibi alitulea wote wawili. Kiangazi kazi yetu ilikuwa kukata viazi vipande vyembamba, kuvianika juu ya mwamba nyuma ya nyumba na kufukuza mbuzi. Jioni tulikula michembe iliyopikwa na karanga, kisha tukapiga magoti kwenye mkeka kusali rozari. Bibi alisali kwa Kisumbwa, lugha yetu ya nyumbani, haraka haraka, kama mtu anayeongea na jirani.

Tulipokuwa darasa la saba, mwalimu wa dini aliandaa mdahalo: Mungu yupo au hayupo? Upande wa kupinga ulikosa watu, nikajitokeza mimi. Nikasema tuliomba mvua mwezi mzima na mahindi yakakauka, kwa hiyo hayupo. Makofi yakapigwa, nikavimba kichwa. Binamu yangu alipoambiwa achague benchi, alibaki amesimama katikati. Alisema hajui. Darasa zima likamcheka, lakini mwalimu akatunyamazisha. Alisema anayekana ameshakata shauri, sawa na anayeamini. Huyu bado anatafuta, na tusimhesabu pamoja na wakana Mungu.

Habari zilitutangulia nyumbani. Bibi akatuita, akaniuliza mimi kwanza kama ni kweli. Ningeweza kurudi nyuma, lakini kichwa kilikuwa bado kimevimba.

"Hayupo, bibi," nikasema.

Binamu yangu akasema, "Mimi sijui, bibi."

Nilingoja fimbo. Haikuja. Bibi alimgeukia mwenzangu akamwambia, "Basi nitakuuliza tena kesho."

Na kweli alimwuliza, kesho yake na kila jioni kabla ya rozari, tena kwa Kisumbwa: leo unaonaje? Binamu alijibu kwamba bado hajui, wakacheka, wakasogeleana kwenye mkeka. Mimi chakula nilipewa na nguo nilifuliwa, ila tangu siku ile bibi alinisemesha Kiswahili, lugha aliyowawekea wageni na watu wa serikali. Nilimchukia binamu yangu kwa hilo. Nilimwona mjanja tu, mtu aliyekwepa kujibu akaishia kupendwa zaidi.

Siku hizi ule mwamba umepasuliwa kokoto, na jioni kila mtu ana simu yake. Rozari ya pamoja hakuna. Nikachukua kisu nimsaidie kumenya, na hatimaye nikamwuliza kwa nini bibi alimwuliza yeye peke yake miaka yote ile.

Hakuinua macho.

"Wewe alikuwa anaogopa kukuuliza," alisema. "Aliniambia akisikia lile jibu lako mara ya pili, hatalala."

Nikaendelea kumenya. Mbele ya darasa sikuwa nakana chochote, nilitaka kusifiwa tu. Bibi angeniuliza hata mara moja zaidi, ningemwambia na mimi sijui.