Pikipiki na Salamu ya Mkwe

Enzi za ruksa, maduka ya Mwanza yalipoanza kujaa pikipiki za mtumba, nilikuwa fundi cherehani pale Buzuruga na nyumbani kwangu ni Kisesa. Nilikwenda na kurudi kwa baiskeli. Nilifika nyumbani giza limeshaingia, mke wangu ameshakula peke yake, chakula changu kimefunikwa. Hakuwa mtu wa kulalamika, lakini jioni moja alisema, "Mimi nimeolewa na sahani iliyofunikwa."

Muuzaji mmoja akaniruhusu niijaribu pikipiki mchana mmoja. Mwendo wake niliupenda, sitaki kusema uongo. Wasiwasi wangu ulikuwa salamu. Kwetu Usukumani huwezi kumwamkia mkwe ukiwa umekaa juu ya baiskeli. Unashuka, unasimama pembeni, unaamkia kwa adabu, unaulizwa habari za nyumbani mpaka ziishe. Na barabara ile ilijaa wakwe.

Haikuchukua muda. Karibu na Kisesa nilimwona baba mkwe akitembea na fimbo yake. Breki zilishika nikiwa nimeshampita, nikamfunika vumbi toka kofia hadi kandambili. Nikashuka, nikaamkia. Kwa ule mngurumo hakusikia kitu. Nikaamkia tena kwa sauti kubwa, na kumpigia mkwe kelele ni aibu tupu. Nikaizima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sasa nimekusikia."

Kuiwasha tena ikawa kazi. Nilipiga kiki mpaka jasho likanitoka. Mzee akaweka fimbo kwapani, akaanza kunisukuma! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Baba, acha tu. Nitabaki na baiskeli yangu."

"Kwa ajili ya vumbi? Vumbi nitalikung'uta. Binti yangu kula peke yake kila jioni, hilo nitalikung'uta vipi? Kaa vizuri."

Nikainunua wiki ileile, bila kumwambia mke wangu. Jioni ya kwanza nilifika jua bado liko juu. Alitoka jikoni na ungo wa mchele mkononi, akasimama mlangoni, uso umembadilika.

"Nani amefariki?"

"Hakuna. Nimekuja kula."

Alinitazama kwanza. Kisha akacheka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili.